Sala ya Nyumba Si Kazi ya Fundi

Kuna neno moja ambalo siku hizi linasikika kila pahali Bukavu, Kadutu kama Bagira, kwa wasomi kama kwa wamama wauza sambaza: "Nitafutie mtu wa kuniombea." Mtoto akianguka Exetat, nitafutie mtu wa kuniombea. Mume akikawia kule machimboni Kamituga bila kutuma habari, nitafutie mtu wa kuniombea. Biashara ikilala, msichana akikosa bwana, tumbo likiuma miezi miwili, jibu ni lile lile. Na mtu huyo anapatikana haraka sana, maana hawakosekani. Ana namba ya telefone, ana siku zake za kupokea watu, ana msaidizi wa kuandika majina ndani ya kaye, na karibu na mlango wake kuna kikapu ambacho hakuna anayesema ni cha nini, lakini kila mtu anajua.

Mimi nasema neno hilo ni ugonjwa, na umeingia hata ndani ya nyumba zetu sisi wakatoliki. Ndugu msomaji asinielewe vibaya. Kuombeana si kosa. Mtume Yakobo katika barua yake anatuagiza kuombeana, na anasema mgonjwa aite wazee wa kanisa wampake mafuta. Ninachopiga vita ni kitu kingine: ni hii desturi mpya ya kumkabidhi mtu wa nje sala ya nyumba nzima, kama vile unavyompelekea fundi redio iliyokufa. Unaiacha kwake, unalipa, na kesho unarudi kuuliza kama imepona.

Mwanachama mmoja wa chama chetu aliniuliza jambo hili linahusu nini kitabu cha mila na desturi. Linahusu sana, kwani wenye kutetea vyumba vya maombi wanatuambia kwamba wao ndio wako kwa wakati, na kwamba baba anayesali na watoto wake jioni ni mtu wa kizamani, mtu wa dini ya kukariri. Kumbe ni kinyume. Tukitazama vizuri mila zetu tutaona kwamba hicho wanachokiita kipya ndicho cha zamani kabisa, tena ni upande ule ambao wazee wenyewe waliuogopa.

Tuanze basi kwa wazee. Bashi, Bahavu, Barega, Bafuliru, Babembe, kila kabila lilikuwa na namna yake, na sitaki kuwatia wote ndani ya chungu kimoja kama wanavyofanya wageni wanaoandika juu yetu. Lakini kwa mambo ya kila siku kuna kitu kimoja ambacho unakikuta karibu pote: aliyesema na Mungu na marehemu wa jamaa alikuwa mwenye nyumba mwenyewe. Baba, babu, mara nyingine shangazi. Hakusomea kazi hiyo wala hakuitiwa kwa ndoto. Alikuwa na haki ya kusema kwa sababu watu wale walikuwa wake. Alisimama na kibuyu cha kasiksi au maji tu, watoto wakiwa pale, akaita jina la Mungu, Nyamuzinda kwa Bashi, akawaita marehemu wa ukoo mmoja mmoja kwa majina yao, halafu akasema mambo ya nyumba kwa lugha ile ile aliyotumia kuomba chumvi: ng'ombe huyu amekonda, binti huyu anakwenda kuolewa, shamba lile halijazaa. Maneno machache. Watoto walisikia. Ndivyo walivyojifunza majina ya wazee wao, na ndivyo walivyojua kwamba ng'ombe, binti na shamba ni mambo ambayo mtu anaweza kuyapeleka mbele ya Mungu bila kuona haya.

Kisha kulikuwa na sharti ambalo leo tumelisahau kabisa. Mzee mwenye akili hakumwaga pombe chini huku watoto wake wawili hawasalimiani. Kwanza waliitwa, wakasema, wakatozwa kuku au kitu kidogo, wakapatana. Sala ilikuja baada ya neno la ndugu kumalizika.

Mlaguzi alikuwepo, sikatai. Sipendi wale wanaoandika juu ya mila kana kwamba kijiji cha babu kilikuwa paradiso. Kuna watu walionyweshwa sumu ya kiapo bila kosa, kuna wajane waliofukuzwa. Lakini mlaguzi hakuwa mtu wa kila asubuhi. Aliitwa mambo yalipozidi, vifo vikifuatana, ugonjwa ukikosa jina. Na mwenye nyumba alijikaza kabla ya kumwita, kwani alijua vizuri kwamba njia ya mlaguzi inaishia kwa kumnyooshea mtu kidole, na mtu yule hatatoka mbali: atakuwa mke mdogo, au mama mkwe, au mtoto wa marehemu kaka.

Mapadri wa kwanza walipofika kwetu mwanzoni mwa karne ya 20 hawakutofautisha mambo hayo mawili. Mzee na kibuyu chake, mlaguzi na mafupa yake, yote kwao yalikuwa upagani, wakayatupa pamoja. Hata hivyo walifanya kitu kimoja cha akili, labda bila kukusudia. Mahali pa sala ya mzee waliweka kitu: ishara ya msalaba asubuhi na jioni, kengele ya Malaika wa Bwana mara tatu kwa siku, sala kabla ya kula, rozari mwezi wa 5 na mwezi wa 10. Wasomi wengine wanasema tulivishwa nguo ya kigeni. Nakubali nusu. Nguo ilikuwa ya kigeni, lakini mwili ulioivaa ulikuwa wetu: baba na mama mbele, watoto nyuma, maneno mafupi, majina ya marehemu mwishoni. Ndiyo sababu ilishika. Watu wa rika langu walilelewa ndani ya sala ile, wakilala usingizi juu ya mkeka kwenye fumbo la nne na kuamshwa kwa kofi dogo.

Ila mahali pa mlaguzi mapadri hawakuweka kitu chochote. Walisema tu: usiende. Na ile hofu iliyokuwa inawapeleka watu kwa mlaguzi ikabaki pale pale, bila jibu. Sasa mlaguzi amerudi. Amerudi na kravati na mikro na bafle mbili zinazolia mpaka saa 10 ya usiku. Majani ameyaacha, siku hizi anajua mistari ya Biblia. Lakini kazi yake haikubadilika hata kidogo: anasikiliza shida yako, anafumba macho, na anakuambia ni nani. "Mama, uko na adui mu nyumba. Njo maana biashara haiende. Ni mutu munakula naye ku sahani moja." Mzee wa nyumba, yeye, hakurudi. Tuliyekuwa tunamhitaji tumemwacha, na tuliyekuwa tunamwogopa tumemnunulia jenereta.

Wasomaji wa hapa Kivu ya Kusini wanajua ninasema nini. Mwezi wa 9 mwaka 2021 habari zilitoka hadi ng'ambo: katika mwezi huo mmoja wanawake wanane, wengi wao wazee, waliuawa katika jimbo letu kwa kushitakiwa uchawi, wengine kwa moto. Na katika habari zile lilikuwamo jina ambalo watu wa Kalehe, Kabare na Walungu wanalijua vizuri, bajakazi, yaani wale wamama wa vyumba vya maombi wanaosema wanaonyeshwa wachawi. Mimi jina hilo linanichoma zaidi ya mengine. Ujakazi ndilo neno alilojiitia Bikira Maria mbele ya malaika, binti wa kijiji aliyekuwa peke yake nyumbani, bila mtu wa kumwombea pembeni. Neno zuri namna ile limegeuzwa kuwa cheo cha kuchoma bibi za watu.

Mtu atasema: hayo ni mambo ya vijijini, na ya makanisa ya uamsho, sisi wakatoliki wa mjini hatumo. Aende akatazame vizuri. Ndani ya paroasi zetu wenyewe kuna wenye "karama" wanaozunguka nyumba kwa nyumba baada ya Misa ya saa 12. Kuna vikundi vya sala ambavyo vilianza vizuri, kwa kusoma Injili na kutembelea wagonjwa, halafu siku moja mmoja akaona maono, na tangu siku ile hakuna anayekwenda tena kutembelea wagonjwa, wote wanangoja maono. Na mapadri? Mapadri wengine wameona kwamba Misa yenye jina la kufunguliwa minyororo inajaza kanisa kuliko Misa ya kawaida, basi wanaiweka kwenye tangazo kwa herufi kubwa. Watu wanakuja na vidumu vya maji, chumvi, mafuta, picha za visa. Kubariki maji ni desturi halali ya Kanisa. Lakini mtu anayebeba kidumu cha lita tano nyumbani ili kunyunyizia mlango wa dada yake anayemshuku, huyo anabeba nini?

Sasa hoja zao. Nitazitaja, kwani si hoja za kipumbavu, na watu wanaozisema ni ndugu zetu.

Ya kwanza ndiyo inayopendwa zaidi: "Sisi bakatoliki hatujue kuomba. Tunakariri tu." Wanaosema hivyo wanafikiri kwamba sala ni hotuba, na kwamba Mungu ni mwalimu anayetoa pointi kwa anayesema bila karatasi. Mimi ninamwona mama mbeba mizigo, wale wamama tunaowapita kila siku na gari zetu, kamba kwenye paji la uso, gunia la unga au makala mgongoni. Huyo hana pumzi ya kutunga hotuba. Lakini Salamu Maria inaingia ndani ya pumzi aliyo nayo, na vidole kumi vinamtosha kuhesabu hata kama kamba ya rozari imekatika. Kutoka Panzi mpaka soko la Kadutu kwa miguu rozari inamalizika na njia inabaki. Rozari ndivyo ilivyoanza huko Ulaya, kwa watu kama huyo: watawa waliojua kusoma walikuwa na Zaburi 150, wakulima wasiojua kusoma wakachukua Salamu Maria 150 mahali pake. Ni sala ya watu wa kazi. Yohane Paulo wa pili alipoongeza mafumbo ya mwanga mwaka 2002 hakuongeza ili tuwe na maneno mengi zaidi, aliongeza ili tupitie pia miaka ile ya Yezu akitembea, akila arusini, akisema na watu. Maneno yale yale yanayorudi yanakuwa kama hatua za miguu, na moyo unapata nafasi ya kutazama. Anayedharau jambo hilo hajawahi kubeba kitu kizito.

Na tumtaje Isidori Bakanja, kwani huyu ni mtu wetu. Kijana wa kule Equateur, alijifunza kazi ya kujenga kwa matofali huko Mbandaka, akabatizwa mwaka 1906. Baadaye akafanya kazi kwa wazungu wa kampuni, akawa anafundisha wenzake kusali, na shingoni alivaa skapulari ya Bikira Maria. Kapita mzungu alichukia mambo hayo mawili, akamwamuru aivue. Alipokataa alipigwa kwa kiboko cha ngozi ya tembo chenye misumari mpaka mgongo ukaoza. Alikufa tarehe 15 mwezi wa 8 mwaka 1909, akiwa amesema kwamba atamwombea mzungu yule. Kanisa lilimtangaza mwenye heri mwaka 1994. Hakuwa padri, hakuwa katekista wa kulipwa, hakuona maono. Alikuwa mfanyakazi aliyeomba kazini na nyumbani. Kama sala yake ilikuwa "kukariri tu", sijui kwa nini yule mzungu aliiogopa namna ile.

Hoja ya pili: maisha ya sasa hayana nafasi. Hapo wanasema kweli nusu. Mtu anaamka saa 11 ya asubuhi kutafuta maji, umeme unakuja saa 5 ya usiku na wote wanakimbilia kupiga pasi na kujaza telefone, baba anarudi na motari amechoka, mtoto ana masomo ya jioni. Lakini mtu huyo huyo asiye na dakika tano za kusali na watoto wake ana usiku mzima wa Ijumaa kwa ajili ya mkesha, na ana saa mbili za WhatsApp. Na WhatsApp nayo imetuletea sala yake: "Tuma sala hii kwa watu kumi kabla ya saa sita utapokea muujiza, usipotuma utaona." Watu wenye lisansi wanatuma! Hiyo ni hirizi ya telefone. Babu angeicheka.

Tulipata mtihani wa wazi mwaka 2020. Mwezi wa 3 Serikali ilifunga makanisa yote juu ya korona, na yalifunguliwa tena mwezi wa 8. Miezi mitano bila Misa ya watu, bila mkesha, bila chumba. Nilizunguka, nikauliza, na nilichoona hakikunifurahisha: nyumba ambazo bibi alikuwa bado hai zilisali. Nyumba nyingine zilifungua redio, mtu wa redio akasali, wao wakala. Wababa wasomi, wenye kusimamia mashirika na kuongoza mikutano ya watu mia, walishindwa kufungua kinywa mbele ya watoto wao wanne. Walisema hawakuzoea. Ni kweli, hawakuzoea, kwani tangu waoe sala ilikuwa kitu cha kwenda kuchukua pahali.

Kuna wengine wa upande mwingine, hawa ni wa chama chetu wenyewe, wanaosema: basi tuache rozari na msalaba, turudi kwa kibuyu. Nawaheshimu, lakini wamechelewa. Kazi hiyo ilifanyika, na ilifanyika ndani ya Kanisa. Misa ya Kongo, ile iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988 baada ya kazi ndefu ya Kardinali Malula na wenzake, inaita mwanzoni watakatifu, na pamoja nao wazee wetu walioishi kwa moyo mnyoofu. Si kila marehemu: wale waliomtafuta Mungu kwa unyofu. Tena tazameni mpango wake: tunasikiliza Neno kwanza, kisha tunaomba msamaha, kisha tunapeana amani, ndipo tunapeleka matoleo. Ni lile sharti la mzee na kibuyu. Ndugu wapatane kwanza. Papa Fransisko aliadhimisha Misa hiyo ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro Roma tarehe 1 mwezi wa 12 mwaka 2019, na tena kule Ndolo Kinshasa mwezi wa 2 mwaka 2023 mbele ya umati mkubwa. Mkatoliki wa Kongo anayeniambia kwamba kutaja jina la babu yake kwenye sala ya jioni ni uchawi, aniambie pia kama Papa alikuwa mchawi.

Na Jamaa ya Padri Tempels, iliyoanza kati ya wafanyakazi wa migodi kule Kolwezi katika miaka ya 1950, ilielewa jambo hili mapema. Uzima, uzazi, mapendo: hayo ndiyo waliyoyazungumza, bwana na bibi wakiwa wamekaa pamoja, na padri akiwa anasikiliza. Baadaye vikundi vingine vilipotea njia na maaskofu wakaweka mipaka, na walikuwa na sababu. Lakini wazo la kwanza halikuwa la kosa. Mtaguso wa pili wa Vatikano mwaka 1964 uliiita familia kanisa la nyumbani na wazazi wahubiri wa kwanza wa watoto wao. Sinodi ya Afrika ikatoa hati yake Yaounde mwaka 1995, ikasema Kanisa lenyewe ni Jamaa ya Mungu. Sijaona pahali popote ambapo waliandika kwamba baba akishindwa atoe dola kumi kwa mwenye maono.

Niseme pia juu ya majina, kwani hapa Kivu tuna hazina ambayo hatuitazami. Tunaita watoto Aksanti, Asifiwe, Byamungu, Ombeni, Neema, Shukuru, Tumaini. Mama akimwita mtoto wake aje kuosha sahani anapaza sauti mtaa mzima: "Ombeni!" na jirani anasikia. Wazazi wetu waliiweka sala ndani ya kazi za siku namna hiyo, kwa makusudi, na pasipo mikro. Leo Ombeni amekua, ana diploma, na anatafuta mtu wa kumwombea.

Hoja yao ya tatu ndiyo nzito, na sitaki kuipita mbio. Wanasema: watu wana hofu, na nyinyi wasomi hamjui hofu hiyo. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwezi wa 1 mwaka 2025, Bukavu mwezi wa 2. Watu waliona maiti barabarani. Anayekwenda chumba cha maombi haendi kwa upuuzi, anakwenda kwa sababu hana usingizi, na pale kuna mtu anayemgusa kichwa na kumwita kwa jina. Nakubali yote hayo. Na ninaongeza: katika paroasi zetu kubwa mtu anaweza kukaa miaka kumi bila mtu kumwita kwa jina. Hilo ni deni letu, si lao. Lakini tazama chumba kinafanya nini na hofu ile. Kinaipokea, kinaitafutia uso, na mara nyingi uso huo ni wa mtu dhaifu kuliko wote ndani ya nyumba. Wenye bunduki hawatajwi kamwe kwenye maono. Sijawahi kusikia mjakazi aliyeonyeshwa komanda. Wanaoonyeshwa ni bibi mjane, mtoto yatima, mke wa pili.

Tuliwahi kuwa na watu ambao sala yao ilitazama upande mwingine. Askofu mkuu Munzihirwa aliuawa hapa Bukavu tarehe 29 mwezi wa 10 mwaka 1996, kwa kuwa hakuondoka na hakunyamaza. Askofu mkuu Kataliko alizuiliwa Butembo miezi saba mwaka 2000, kwa barua ya Noeli aliyowaandikia wakristu wake. Lakini hao walikuwa maaskofu, na msomaji ataniambia: mimi ni mfanyakazi wa ofisi. Vizuri. Basi nichukue mfanyakazi wa ofisi.

Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mwenye diploma ya chuo kikuu, mfanyakazi wa OCC mpakani. Alisali na jumuiya ya Sant'Egidio, na alikuwa na urafiki na maibobo, wale watoto wa barabara ambao sisi tunawafukuza karibu na gari. Kazi yake ilikuwa kupima chakula kinachoingia. Walimletea chakula kilichooza pamoja na bahasha. Alikataa bahasha, chakula kikaharibiwa. Mwezi wa 7 mwaka 2007 alichukuliwa, akateswa, akauawa, na alikuwa na miaka 26 tu. Tarehe 15 mwezi wa 6 mwaka 2025 alitangazwa mwenye heri Roma. Ninamtaja kwa sababu moja. Kijana huyu angekwenda kwa fundi wa sala na shida yake, "kuna watu wananitisha kazini", angeambiwa nini? Angeambiwa afunge siku tatu ili maadui waanguke, labda angetajiwa jina la mjomba. Hakuna ambaye angemuuliza habari za bahasha. Kwenye vyumba vile bahasha haiulizwi, inapokelewa.

Wale tuliosali nyumbani tunakumbuka kwamba mwisho wa siku kulikuwa na kimya kifupi, na baba au mama akauliza: leo nani amekosa nini? Tuliogopa dakika ile. Aliyeiba sukari alijulikana. Swali lile, leo nimefanya nini, na swali la chumba, ni nani anayenizuia, hayawezi kukaa kwenye kinywa kimoja. Mtoto aliyelelewa na la pili miaka ishirini atakapokuwa mkubwa wa douane atakuwa amezoea kwamba kosa siku zote liko kwa mwingine.

Sasa wanaouliza tufanye nini. Sina programu kubwa. Kila wiki shirika linakutana kwa nyumba ya mmoja wetu, na kila wiki kiongozi wa shirika anafanya kazi yote peke yake: anafungua, anasoma, anaeleza, anafunga, wenye nyumba wamekaa kama wageni kwao. Tubadilishe hilo. Mwenye nyumba afungue sala kwa maneno yake, kwa kimashi au kirega au kiswahili cha soko, ataje majina ya marehemu wake, aseme shida ya nyumba yake. Kama hajui kusema, asubiriwe. Na wale walio na neno kati yao, kiongozi awakumbushe walimalize kabla ya rozari. Paroasi nazo ziache kuweka kwenye tangazo lile jina la minyororo, na padri anayesikia kwamba mtu wa kikundi fulani amemtaja jirani kuwa mchawi, akifunge kikundi kile Jumapili ile ile bila kungoja komisheni.

Na kila mtaa una bibi mmoja ambaye wajukuu wamekatazwa kula chakula chake tangu mtu wa maono apite. Mnamjua. Shirika la wiki hii liende kusali kwake. Yeye ndiye aanzishe, na sala ikimalizika mkae, mle sambaza alizopika.